KULIMA KAROTI KATIKA UDONGO MGUMU
Maelezo kwa wakulima wa bustani wa Wilaya za Mbulu na Hanang



Mwaka mmoja, katika mwezi wa saba, mama mmoja wa kijiji cha Mbulu alinijia na kikapu cha karoti, akakiweka chini mbele yangu bila kusema neno. Nikatazama ndani. Karoti nyingine zilikuwa na miguu miwili, nyingine mitatu. Nyingine zimejikunja kama mkia wa nguruwe. Na nyingine zilikuwa fupi, zimeota vinyweleo kila upande. Sokoni hapana aliyezitaka. Mama yule alikuwa ametumia fedha ya mbegu, na kazi ya miezi minne, na samadi yote ya zizi lake. Na sare ya shule ya mtoto, aliyoitazamia kutoka katika bustani ile, haikupatikana.

Mwisho akasema, "Bwana Shamba, nilifanya kama ulivyoniambia."

Naye alisema kweli. Nilikuwa nimemwambia, "Udongo wako ni mgumu, tia samadi nyingi," kisha nikaenda zangu. Sikumwambia ni samadi ya namna gani, wala aitie lini, wala sikuchimba hata shimo moja kuangalia kilichoko chini. Kosa lilikuwa langu, si lake, wala si la udongo. Maelezo haya nayaandika ili kosa lile lisirudiwe.

Vipimo vilivyomo humu ni vya inchi na futi. Inchi 1 ni kama sentimita 2 na nusu, na futi 1 ni kama sentimita 30.

1. JINSI KAROTI INAVYOPATA UMBO LAKE

Yafaa kwanza tujue karoti ni kitu gani. Kiazi kitamu huwa na mizizi mingi. Mmoja ukizuiliwa na jiwe, mwingine utanenepa mahali pengine, na mkulima hatajua. Karoti sivyo. Karoti ni mzizi mkuu wa mmea, nao ni mmoja tu; mmea haukupewa wa pili.

Mbegu ikiisha kuota hupeleka chini mzizi mwembamba kama uzi. Wakati majani yangali madogo, hata hayajafika urefu wa kidole, uzi ule unashuka kwa haraka, na katika majuma machache ya kwanza huwa umekwisha kupita kina chote ambacho karoti itakuwa nacho. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni kunenepa, na kujaza sukari na rangi.

Basi uzi ule ukikutana na jiwe, au bonge la udongo, au tabaka gumu, ncha yake hupinda au hufa, na mizizi ya pembeni hushika nafasi yake. Hiyo ndiyo miguu mnayoiona wakati wa kuvuna. Haikuota siku ya kuvuna. Iliota miezi mitatu nyuma, wakati mkulima alipokuwa akitazama majani mazuri ya kijani na kufurahi. Wahenga wamesema, "Samaki mkunje angali mbichi." Karoti nayo hukunjwa ingali mbichi, na ikiisha kukunjwa hapana mbolea wala dawa itakayoinyosha.

Hili ndilo neno kubwa la karatasi hii: kazi ya karoti humalizwa kabla mbegu haijaingia ardhini. Mkulima anayetengeneza udongo baada ya kupanda amechelewa.

2. PIMA UDONGO KABLA YA KULIMA

Vipimo hivi vitatu havigharimu fedha.

Kwanza, chimba shimo la kina cha futi moja na nusu, wakati udongo una unyevu kidogo. Tazama ukuta wa shimo. Je, mizizi ya mahindi au ya nyasi inashuka moja kwa moja, au inafika mahali na kugeuka upande? Mahali inapogeuka ndipo lilipo tabaka gumu. Tabaka hilo hutokea katika mashamba yaliyolimwa kwa plau ya maksai, au kwa jembe la mkono, kwa kina kilekile miaka mingi. Chuma husugua chini yake, na kwato za ng'ombe hushindilia baada ya mavuno.

Pili, chukua ufito wa chuma usiozidi unene wa kidole kidogo, uusukume ardhini kwa mkono mmoja mahali kumi mbalimbali pa bustani. Ukishuka futi moja bila kulazimishwa, karoti nayo itashuka. Ukikwama kwenye inchi 4 au 5, umeonyeshwa mapema karoti yako itakwamia wapi.

Tatu, chukua udongo wa kiganja kimoja, uutie maji kidogo, uufinyange, kisha uuviringishe uwe kama kamba nyembamba. Usiposhikamana kabisa, ni kichanga. Ukifanya kamba lakini ukakatika unapoukunja, ni udongo wa mchanganyiko, nao ndio mzuri. Ukikunjika ukawa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi, nao una shida yake kama nitakavyoeleza.

3. NAMNA NNE ZA UDONGO ZENYE SHIDA

(a) Udongo mwekundu au wa kahawia wenye tabaka gumu. Huu ni rahisi kuponywa, maana ugonjwa wake uko mahali pamoja. Livunje tabaka lile kwa jembe uma au sururu, nao mzizi utapita.

(b) Udongo wa mawe na changarawe wa miteremkoni. Hapa dawa ni kuokota na kuchekecha. Chekecha udongo wa juu kwa wavu wa kuku uliofungwa katika fremu ya miti. Mawe usiyatupe, yapange kwa kukingama mteremko, upande wa chini wa tuta, yazuie udongo usichukuliwe na maji.

(c) Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa mabonde na tambarare za Hanang. Ukiloa hunata, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyufa hizo hukata mizizi. Wako wanaodhani kwamba ukichanganywa na mchanga kidogo utalainika. Sivyo: mchanga kidogo katika mfinyanzi mwingi huleta kitu kilicho karibu na tofali. Udongo huu hulainishwa na mboji, yaani majani na samadi iliyooza kabisa, mwaka baada ya mwaka. Kwa mwaka wa kwanza usishindane nao. Jenga tuta juu yake.

(d) Udongo wenye chumvi au magadi, kama ulivyo karibu na Ziwa Balangida. Utautambua kwa unga mweupe unaobaki juu wakati wa kiangazi. Karoti ni miongoni mwa mboga zinazodhurika upesi na chumvi. Mahali hapo usipande karoti, wala usinyunyize majivu, kwa kuwa yataongeza shida. Kukuonya usipoteze mbegu ni msaada pia.

4. KUTENGENEZA TUTA

Wakulima wa Mbulu hawahitaji kufundishwa maana ya tuta, maana wazee wa Kainam na Mama Isara wamesifiwa tangu zamani kwa kulima miteremko mikali bila kuimaliza, wakikingama mteremko na kurudisha samadi ya ng'ombe shambani. Tena kila mtu ajua kuwa kiazi kitamu hupandwa juu ya tuta. Karoti inataka jambo lilelile, ila kwa uangalifu zaidi.

Upana wa tuta uwe futi 4, ili mikono ifike katikati kutoka pande zote mbili. Maana tangu siku ya kupanda hata siku ya kuvuna, mguu wa mtu usikanyage juu yake. Urefu uwe kama upendavyo.

Ondoa udongo wa juu, inchi 6 hivi, uuweke kando. Kisha legeza udongo wa chini kwa jembe uma, inchi 6 nyingine, lakini usiulete juu. Uvunje palepale ulipo. Udongo wa juu ndio wenye uhai, na ukizikwa chini, mimea itadhoofika. Ukiisha kulegeza, rudisha ule wa juu ukiwa umeokotwa mawe, mizizi na mabonge. Mwisho chukua udongo wa njia za pembeni, uuchekeche, uuongeze juu, hata tuta liinuke inchi 8 mpaka 10. Katika udongo wa mbuga liinue kufika futi moja.

Usifanye kazi hii wakati udongo umeloa. Ukiufinya mkononi ukang'aa na kunata, ngoja siku chache. Mfinyanzi uliolimwa umeloa hukauka mabonge ambayo hata nyundo huyavunja kwa shida.

Mahali penye mteremko, tuta likingame mteremko, lisishuke nao. Udongo uliolegezwa kwa ajili ya karoti ndio mwepesi kuliko wote kuchukuliwa na mvua. Watu wa Katesh hawahitaji kukumbushwa nguvu ya maji: tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Msiba ule haukuletwa na bustani za mboga. Walakini maji yanayoondoa udongo wa bustani yako kidogo kidogo yanafanya kazi ileile bila kelele. Kadhalika, anayelima bondeni akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa kuwa eneo la hifadhi. Teka maji mtoni, lakini bustani iache mbali.

5. SAMADI

Hapa ndipo nilipomkosea yule mama. Samadi mbichi huleta madhara mawili kwa karoti. Kwanza, haijasambaa sawasawa. Mzizi hupita katika bonge la samadi, kisha katika udongo mtupu, ukapoteza njia na kuotesha miguu na vinyweleo. Pili, hutoa chakula kingi cha majani, nayo majani hunenepa mzizi ukibaki mwembamba.

Basi, tumia samadi iliyokaa katika lundo miezi sita au zaidi, ikawa nyeusi, yenye kumumunyuka, isiyonuka tena. Tia debe moja kwa kila hatua mbili za urefu wa tuta, uichanganye vizuri na udongo wa inchi 6 za juu. Tena iko njia iliyo bora kuliko hiyo: tia samadi yako kwa zao la kwanza, kama kabichi au mahindi mabichi, na zao likiisha, panda karoti palepale bila kuongeza kitu. Kabichi hula ukali wa samadi, nayo karoti hula ulaini uliobaki.

6. MBEGU NA KUPANDA

Mbegu zinazopatikana sana madukani ni za namna mbili, nazo zote zina majina ya Ufaransa. Nantes ni ndefu, imenyooka kama mshumaa, nayo inataka udongo mwepesi wa kina kirefu. Chantenay ni fupi, pana mabegani na nyembamba chini, urefu wake inchi 5 au 6. Mwenye udongo mgumu achague Chantenay. Umbo lake hupenya kama kabari, tena ufupi wake hupunguza safari ya mzizi. Ni bora karoti fupi iliyonyooka kuliko ndefu yenye miguu.

Nunua pakiti iliyofungwa, usome tarehe yake. Mbegu za karoti hupoteza uhai upesi, na zilizokaa zaidi ya miaka miwili au mitatu haziaminiki.

Karoti hupenda hewa ya baridi kiasi, na hali ya nyanda za juu za Mbulu yaifaa sana. Usipande wakati mvua kubwa zinapopiga, maana zitachukua mbegu na kugandamiza uso wa tuta. Panda mvua zinapoanza kupungua, ili mzizi ushuke udongo ungali na unyevu, na karoti inenepe katika miezi ya baridi. Mwenye maji ya kumwagilia aweza kupanda kiangazi pia.

Chora mistari kwa kijiti, ukivuka upana wa tuta, mstari na mstari inchi 9, kina chake nusu inchi tu. Mbegu ni ndogo mno, gramu moja huwa na mbegu karibu 800. Kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu, konzi tano za mchanga kwa konzi moja ya mbegu, ili zisimwagike chungu nzima mahali pamoja. Funika kwa mboji iliyochekechwa au mchanga mwembamba, si kwa mfinyanzi, maana mfinyanzi hufanya gamba ambalo mche mdogo hauwezi kulipasua. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, kisha tandaza nyasi kavu.

Sasa yataka subira. Karoti huota kati ya siku 10 na 21. Wengi hukata tamaa siku ya nane, wakalima upya juu ya mbegu zilizo hai. Usifanye hivyo. Weka unyevu kila siku, na chungulia chini ya nyasi. Ukiona miche ya kwanza, ondoa nyasi jioni, si mchana wa jua kali.

Usioteshe miche kitaluni ukaihamisha kama unavyofanya kabichi. Ukiing'oa, ncha ya mzizi hukatika, na kazi yote ya tuta inakuwa bure.

7. KUPUNGUZA, KUPALILIA NA KUMWAGILIA

Miche ikifika inchi 2, punguza, ukiacha inchi 1 kati ya mche na mche. Majuma matatu baadaye punguza tena, ziachane inchi 2. Wakulima wengi huona huruma kung'oa miche mizuri. Lakini karoti mbili zilizosongamana hujisokota pamoja, nawe utapoteza zote mbili. Punguza jioni, udongo ukiwa umeloa, uzishindilie taratibu zilizobaki.

Palilia kwa mkono, mapema, maana karoti changa hushindwa upesi na magugu. Mabega ya karoti yakitokea juu, yafunike kwa udongo. Yakipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa machungu.

Maji yawe ya kipimo kimoja. Karoti iliyoachwa ikakauka majuma mawili, kisha ikanyweshwa debe kwa debe, hupasuka katikati.

8. KAROTI ITAKUELEZA KOSA LAKO

Siku ya kuvuna usizitupe zilizoharibika kabla ya kuzisoma. Zenye miguu karibu na juu zimekutana na mawe au mabonge. Zilizokatika chini butu, zote kwa kina kimoja, zimefika kwenye tabaka gumu. Zenye vinyweleo vingi zimetiwa samadi mbichi. Zilizosokotana hazikupunguzwa. Zilizopasuka zilinyweshwa bila mpango. Nazo zenye vifundo vifundo mizizini zimeshikwa na minyoo fundo. Hapo usirudie karoti wala nyanya kwa misimu kadhaa, bali panda nafaka.

Andika uliyoyaona. Msimu ujao utakuwa mwalimu wa bustani yako, wala hutamngoja Bwana Shamba.

9. KUVUNA NA KUTUMIA

Chantenay huwa tayari baada ya miezi mitatu mpaka minne. Ng'oa udongo ukiwa na unyevu, ukitanguliza jembe uma pembeni ili zisikatike. Kata majani mara moja, maana yakiachwa hunyonya maji ya karoti nayo husinyaa. Uziweke kivulini.

Tuta la futi 4 kwa futi 30, kwa vipimo nilivyotaja, lina mistari 40 na nafasi za karoti 960, nalo latosheka kwa gramu 3 au 4 za mbegu. Hata robo ikipotea, zitabaki zaidi ya 700.

Wala zisiende zote sokoni. Rangi ya karoti ni chakula ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto na kuwapa nguvu ya kushindana na maradhi. Zipikwe pamoja na mafuta kidogo au samli, maana bila mafuta mwili hupata sehemu ndogo tu ya faida yake.

10. NENO LA MWISHO

Yule mama sikumwacha. Tulichimba shimo pamoja, tukalikuta tabaka gumu kwenye inchi 5, tena bonge la samadi lililokuwa halijaoza tangu siku nilipomshauri. Nikamwomba radhi. Mwaka uliofuata hakulima bustani nzima. Alitengeneza tuta moja tu, la hatua kumi, akapanda Chantenay mahali palipotoka kabichi. Nilipopita wakati wa kuvuna, hakuleta kikapu. Alinipa karoti moja, imenyooka, ina udongo bado, akaniambia niile palepale.

Nawe, ndugu, anza hivyo: tuta moja. Ukishinda katika tuta moja, udongo wako umekwisha kukufundisha la pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka karoti iliyonyooka sharti ainame mapema, kabla ya mbegu.